Umejuaje? Namna ya kukipinga kiapo cha mpinzani wako katika kesi ya madai

Hotuba hii niliitoa Morogoro mbele ya wasaidizi wa kisheria pamoja na wananchi wanaojisimamia wenyewe mahakamani. Waliokosa kufika waliomba waisome yote, nami naiweka kama nilivyoisema.

Ndugu zangu, asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni.

Nianze na bahasha.

Mama mmoja mwenye mashine ya kusaga, upande wa Dumila, alikuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki ameifunga kwenye pindo la kanga. Hakuiweka mezani. Aliishika mapajani kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika majibu ya hospitali. Ndani mlikuwa na maombi ya zuio la muda na kiapo cha kurasa nne. Taasisi iliyomkopesha ilikuwa imemfungulia kesi ya madai, na kabla kesi haijaanza kusikilizwa ikaomba azuiwe kuiuza au kuihamisha ile mashine. Aliyeapa alikuwa ofisa wa mikopo. Aya ya 7 ya kiapo chake ilisema kwamba mama huyu hajawahi kurejesha hata shilingi moja.

Na mama huyu alikuwa na stakabadhi kumi na moja kwenye kopo la maziwa nyumbani kwake.

Nilimuuliza kwa nini amekaa na bahasha siku tisa bila kuja. Akanijibu: "Wakili, mwenzangu kaapa kwa Mungu. Mimi nitasema nini mbele ya mtu aliyeapa kwa Mungu?"

Swali hilo ndilo lililonileta hapa leo. Ninyi wasaidizi wa kisheria hamsimami mahakamani kumtetea mtu, lakini ndio wa kwanza kushikishwa bahasha. Mtu hupita kwenu kabla hajafika kwangu. Mkimwambia neno sahihi siku ile ya kwanza, mmemwokoa. Mkimwambia "usijali, hakimu ataona ukweli", mmempoteza.

Kwa sababu hakimu ataonaje? Hakimu hakuwepo Dumila. Hakimu anaona karatasi iliyo mbele yake. Na kama karatasi iliyo mbele yake ni ya upande mmoja tu, basi ukweli wa siku hiyo ni wa upande huo.

Tuelewane hapa kwanza. Kiapo ni ushahidi. Watu wanadhani kiapo ni barua ya malalamiko iliyopigwa muhuri. Hapana. Kiapo ni mtu ameingia kizimbani kwa maandishi. Yale anayosema mle yanabeba uzito uleule wa shahidi aliyesimama na kushika Biblia au Msahafu. Ndiyo maana kusema uongo ndani yake kwa kujua ni kosa la jinai, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampeleka mtu gerezani hadi miaka saba. Na ndiyo maana hakijibiwi kwa kelele, wala kwa machozi, wala kwa barua ya mwenyekiti. Ushahidi hujibiwa kwa ushahidi. Kiapo hujibiwa kwa kiapo.

Nina mzee wangu mmoja, mwalimu mstaafu, mtu mwenye Kiswahili cha kutamanika. Alipewa kiapo cha jirani yake, akakisoma, akacheka, akakiweka kabatini. Siku ya maombi kusikilizwa akasimama akazungumza dakika ishirini. Alisema yote. Tarehe, majina, nani alikuwepo, nani alilia. Mahakama nzima ilimsikiliza. Alipokaa, hakimu akamuuliza jambo moja tu: "Mzee, kiapo kinzani chako kiko wapi?"

Hakikuwepo.

Yale maneno mazuri ya dakika ishirini yalikuwa hoja, na hoja si ushahidi. Mahakama ya Rufani imelisema hilo mara nyingi. Limo katika ile rufaa namba 147 ya mwaka 2006, wadhamini wa Jimbo Kuu la Dar es Salaam dhidi ya mwenyekiti wa serikali ya kijiji cha Bunju. Maelezo ya kusimama na kusema, hata yakitoka kwa wakili, hayawezi kujaza nafasi ya ushahidi usioletwa. Na jambo lililoapwa lisipokanushwa kwa kiapo, mahakama inalichukua kuwa limekubaliwa. Mwalimu wangu alikuwa amekubali kila neno la jirani yake siku alipokifungia kile kiapo kabatini. Hakujua. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu alikuwa na haki.

Kwa hiyo mtu akija na bahasha, jambo la kwanza mwambieni: tafuta tarehe. Hakimu amepanga lini majibu yawe yamewasilishwa? Mengine yote yanangoja, hilo halingoji.

Sasa tuingie ndani ya kiapo chenyewe.

Chukueni kalamu ya risasi. Nawaomba kweli, kalamu ya risasi, si ya wino, maana mtafuta na kuandika tena. Someni aya moja moja, na pembeni ya kila aya muulizeni yule mwapaji swali moja. Swali lenyewe ni hili: umejuaje?

Mtu anasema mkopo haukurejeshwa. Umejuaje? Anasema mpaka ulihamishwa usiku. Umejuaje? Anasema marehemu alimwachia nyumba yeye peke yake. Umejuaje? Usimwite mwongo bado. Neno "mwongo" limewaangusha watu wengi, kwa sababu ukishalisema ni juu yako kulithibitisha. Swali la "umejuaje" mzigo wake ni wa aliyeapa.

Na swali hili sikulitunga mimi. Liko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya 19, kanuni ya 3. Inasema kiapo kibaki kwenye mambo ambayo mwapaji anaweza kuyathibitisha kwa ufahamu wake mwenyewe. Kwa maombi madogo ndani ya kesi, kama yale ya zuio la muda, anaruhusiwa kusema pia anayoyaamini, lakini ataje sababu za kuamini kwake. Basi kwenye aya zake mtakuta mambo ya aina tatu: aliyoyaona na kuyatenda mwenyewe, aliyoambiwa, na anayoyaamini. Mimi huandika herufi pembeni. N kwa "najua", A kwa "niliambiwa", I kwa "naamini". Halafu naenda ukurasa wa mwisho, pale penye kifungu cha uthibitisho, nione yeye mwenyewe amesemaje.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga. Mara nyingi mtakuta mstari mmoja tu: yote niliyoyasema kuanzia aya ya 1 hadi ya 15 ni kweli kwa ufahamu wangu. Yote! Na wewe pembeni umeshaandika A sita. Kifungu cha uthibitisho kazi yake ni kuieleza mahakama ipi ni ya ufahamu, ipi ni ya kuambiwa na na nani. Mwaka 2018 kulikuwa na maombi ya Anatol Peter Rwebangira mbele ya Mahakama ya Rufani, na tatizo lilikuwa hilihili: uthibitisho haukutenganisha kilichojulikana na kilichoambiwa, na kiapo kikaonekana kina kasoro.

Turudi kwa mama yetu wa Dumila. Tulikaa na kile kiapo, yeye upande huu wa meza, mimi upande ule. Aya ya 1 ilisema mwapaji ni ofisa wa mikopo wa tawi. Aya ya 2 ikasema ameajiriwa hapo tangu Machi mwaka fulani. Nikamuuliza mama, "Ulikopa lini?" Akasema, miaka mitatu kabla ya hapo. "Ulirejesha kwa nani?" Kwa kijana mwingine kabisa, aliyeondoka baadaye akahamia Singida.

Mnaona? Yule aliyeapa kwamba hakulipwa hata shilingi hakuwepo wakati shilingi zinalipwa. Alikuwa hajaajiriwa! Sasa umejuaje, ndugu yangu? Kama ni kwenye daftari, uko wapi ukurasa wa daftari uliouambatanisha? Kama uliambiwa na kijana aliyehamia Singida, jina lake liko wapi, na kiapo chake kiko wapi?

Jambo hili lina mizizi mirefu. Kuna kesi ya Zanzibar, Salima Vuai Foum dhidi ya Mrajisi wa Vyama vya Ushirika, iko kwenye ripoti za mwaka 1995. Mahakama ya Rufani ilisema pale kwamba kiapo kilichojengwa juu ya taarifa hakifanyiwi kazi na mahakama yoyote mpaka chanzo cha taarifa kitajwe. Halafu ikaja ile ya benki ya NBC na Superdoll, maombi namba 13 ya mwaka 2002, ikakaza zaidi: kiapo kinachomtaja mtu mwingine ni maneno ya kusikia, mpaka huyo mwingine naye aape.

Lishikeni hilo la mwisho, maana linawakata ninyi pia. Msije mkaandika kwenye kiapo kinzani cha mama, "mwanangu Juma aliniambia kwamba alipeleka fedha," mkadhani mmemaliza. Juma aape. Kama mwenyekiti wa mtaa alishuhudia, mwenyekiti aape. Barua yake yenye mhuri wa rangi ya zambarau ni nzuri, lakini barua haihojiwi, na barua haifungwi gerezani ikisema uongo.

Kuna herufi ya nne ninayoiandika pembeni, nayo ni H. Ni H ya hoja. Mtu anaapa: "Kitendo hicho ni kinyume cha sheria ya mikataba." Anaapa: "Naiomba mahakama yako tukufu imwamuru mjibu maombi." Anaapa: "Mdaiwa ni mtu asiye na nia njema." Hizo si habari za jambo lililotokea. Hiyo ni sheria, hayo ni maombi, na hilo la mwisho ni matusi yaliyovaa suti.

Kanuni ya kuyakataa hayo ilitoka kwa majirani zetu Uganda, kwenye kesi ambayo wanaoijua wanaijua kwa jambo jingine kabisa. Mwaka 1966 Katiba ya Uganda ilipinduliwa, na Michael Matovu, chifu wa Buddu huko Buganda, akawekwa kizuizini. Wanasheria wakaenda Mahakama Kuu kumtafutia uhuru wake. Dunia inaikumbuka kesi hiyo kwa lile swali kubwa la kama mapinduzi yanaweza kuzaa sheria. Lakini mle ndani majaji walisimama pia kukiangalia kiapo, wakasema kiapo kinachotumika mahakamani kibebe taarifa za mambo na mazingira ambayo shahidi anayajua mwenyewe au ameyapata kwa anayemtaja, na kisibebe pingamizi, maombi, hoja za kisheria wala hitimisho. Mtu yuko kizuizini, nchi inayumba, na majaji bado wanauliza: huyu anashuhudia au anabishana? Mimi hunisisimua kila nikiikumbuka. Hapa Tanzania tumeifuata mpaka leo.

Lakini msikimbie. Hapa ndipo watu wanapojidanganya, hata mawakili wenzangu. Kuonyesha aya mbovu si kukiua kiapo. Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Phantom Modern Transport na D.T. Dobie, iliweka njia: aya mbovu zinafutwa, na kama zilizobaki zinatosha kuyabeba maombi, kazi inaendelea. Ni kama kuchambua mchele. Ukitoa mawe manne na mchele umejaa ungo, wali utapikwa tu. Kwa hiyo swali la kujiuliza mkishamaliza na kalamu ya risasi ni hili: nikizitoa hizi, kunabaki nini? Kwa mama wa Dumila, tukiitoa aya ya 7 kulibaki nini? Zilibaki aya za kusema mkopo ulikuwepo, jambo ambalo hata mama hakulikana. Maombi yote yalikuwa yameegemea nguzo moja, na nguzo hiyo ilikuwa imeapwa na mtu ambaye hakuwepo.

Aya isiyobeba kitu msipoteze nayo muda. Mwacheni nayo.

Sasa ukurasa wa mwisho. Geuzeni mpaka pale penye saini na mhuri, mahali pa kuapishia, ambapo sisi tunapaita jurati. Watu hawapasomi. Pasomeni!

Sheria ya Mathibitisho na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inamtaka kamishna wa viapo, yaani yule aliyemwapisha mwapaji, aandike kwa ukweli mahali kiapo kilipoapwa na tarehe, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 aandike na jina lake. Je, mahali pametajwa? Je, tarehe ipo? Je, imeandikwa kwamba kamishna anamfahamu mwapaji, au kwamba ametambulishwa kwake na nani? Na huyo kamishna si wakili wa upande huohuo kwenye kesi hiyohiyo? Maana haruhusiwi kumwapisha mteja wake kwenye kesi anayoisimamia. Kesi ya D.B. Shapriya na Bish International ya mwaka 2002 ilianguka hapohapo kwenye jurati, kwa sababu mahali pa kuapia hapakuonyeshwa.

Tazameni pia karatasi yenyewe. Niliwahi kushika kiapo ambacho ukurasa wake wa saini ulikuwa na matundu manne ya pini wakati kurasa nyingine zina mawili, na herufi zake zilikuwa kubwa kidogo kuliko za kurasa za mbele. Maana yake nini? Maana yake ukurasa ule ulishawahi kubanwa kwenye karatasi nyingine. Mtu alisaini kitu kimoja, kikabandikwa kingine. Sikurukia kusema wameghushi. Nilimwandikia mwapaji swali kwenye kiapo kinzani: siku hiyo ulisaini kurasa ngapi? Hawakujibu. Waliyaondoa maombi wenyewe.

Na mtu asiyejua kusoma, au aliyesainishwa Kiingereza na Kiingereza hakijui? Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini bado naletewa viapo vya Kiingereza vya bibi ambaye maisha yake yote hajawahi kusema "good morning". Basi jurati iseme kwamba alisomewa, akafafanuliwa kwa lugha anayoijua, akaelewa. Isiposema, ulizeni. Muulizeni hata bibi mwenyewe, kama ni shahidi wa upande wa pili na mahakama imemwita: bibi, aya ya 4 inasema nini? Mimi nimeona bibi akisema, "Mwanangu, mimi niliambiwa ni karatasi ya pensheni."

Ila nikiri jambo hapa, kwa sababu nawapenda na sitaki mpite nilipopita. Miaka yangu ya mwanzo niliipenda sana jurati. Nilikuwa nasoma viapo kutoka nyuma. Nikikuta tarehe haipo nilisimama na pingamizi la awali, lile la kisheria linalosikilizwa kabla ya maombi yenyewe, maombi yakaondolewa, mteja akanikumbatia nje ya mahakama. Baada ya wiki mbili bahasha nyingine. Maombi yaleyale, kiapo kimenyooka, na safari hii wanajua nitasema nini. Kuondolewa si kushindwa. Mwenzako anarekebisha na kurudi. Na tangu marekebisho ya mwaka 2018, yaliyoingiza lile takwa la mahakama kutazama haki yenyewe kuliko ufundi, mahakama imekuwa tayari zaidi kumruhusu mtu arekebishe kiapo palepale. Katika maombi ya Jamal Mkumba na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ya mwaka 2019, kiapo kilikosa uthibitisho kamili, na Mahakama ya Rufani ikaruhusu kirekebishwe. Kwa hiyo kasoro ya jurati itumieni, lakini msiijengee nyumba. Jibuni mambo yenyewe.

Nimefika sasa kwa uongo wenyewe. Tufanyeje pale ambapo mtu anajua, na ameapa kinyume?

Mahakama ya Rufani ilishasema, katika maombi ya Ignazio Messina na Willow Investments ya mwaka 2001, kwamba kiapo kilichochafuliwa na uongo si kiapo, na hakiwezi kutegemewa kuyabeba maombi. Maneno mazito, na mazuri. Lakini watu wengi wanayapeleka mlango usio wake. Wanaandika pingamizi la awali: "Kiapo kina uongo." Hakimu analitupa, nao wanashangaa. Kwa nini? Kwa sababu tangu kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969, pingamizi la awali ni la sheria tupu, la jambo lisilohitaji ushahidi. Na kujua kama mtu kasema uongo kunahitaji nini? Kunahitaji ushahidi! Basi uongo haupingwi kwa pingamizi la awali. Uongo unapingwa kwa kiapo kinzani chenye kiambatisho, na ikibidi, kwa kumleta mwapaji mbele ya hakimu.

Nina fundi seremala mmoja. Alikuwa kazini anapiga randa, akafika dalali wa mahakama na gari kuchukua mashine yake ya mbao. Kumbe ilishatoka hukumu ya upande mmoja. Hakuwahi kusikia kama ana kesi. Tulipolifungua jalada tukakuta kiapo cha mpeleka wito: siku fulani alimkuta fundi huyu kwenye karakana yake, akampa wito, fundi akaupokea na kukataa kusaini.

Siku hiyo fundi alikuwa Iringa kumzika mama mkwe wake.

Tukaenda mbio, maana muda wa kuomba hukumu itenguliwe si mrefu. Tukaambatanisha tiketi za basi za kwenda na kurudi. Shemeji yake, aliyekaa naye matangani siku nne, akaapa. Mwenyekiti wa kitongoji cha huko, aliyesimamia mazishi, akaapa kiapo chake mwenyewe. Halafu tukaomba mpeleka wito aitwe tumdodose. Amri ya 19, kanuni ya 2 inaruhusu upande wowote kuomba mwapaji aletwe kwa maswali ya dodoso, na Amri ya 5 nayo inaipa mahakama nguvu ya kumhoji chini ya kiapo aliyepeleka wito. Ni hiari ya mahakama, si haki ya moja kwa moja. Kwa hiyo mkiomba, ombeni mapema, na mseme ni aya ipi mnayotaka kuiulizia na kwa nini karatasi peke yake haitoshi kuitatua.

Mahakama ikakubali. Nilikuwa na maswali matano, mafupi. Sikumwambia "unasema uongo". Sikumwomba asimulie upya, maana mtu akisimulia upya anakaza kamba zake.

"Ulimkuta wapi?" Kwenye karakana. "Uliingiaje?" Nilibisha hodi getini. "Geti lina rangi gani?" Bluu. "Nani alikufungulia?" Yeye mwenyewe. "Ulisimama naye wapi?" Ndani ya geti, kibarazani.

Nikakaa.

Ndugu zangu, karakana ya fundi yule ni mwembe. Kuna mwembe, meza ya kupigia randa, na turubai la mvua. Hakuna geti. Hakuna kibaraza. Picha ilikuwa kwenye kiambatisho cha pili, na fundi alikuwa ameshaapa kuihusu. Hakimu akaifungua, akaitazama kwa muda, akamtazama mpeleka wito. Hukumu ile ilitenguliwa na kesi ikaanza upya, pande zote mbili zikiwepo.

Namna ya kukiandika kiapo kinzani nitaisema upesi, kwa kuwa mchana tutaifanya kwa mikono. Jibuni aya kwa aya, kwa namba zao. Lililo la kweli, likubalini. Mama wa Dumila alikubali kwamba alikopa, alikubali kiasi, alikubali saini ni yake. Mnajua hiyo inafanya nini? Hakimu anapofika kwenye "nakana aya ya 7", anamwamini, kwa sababu ameshaona huyu si mtu wa kukana kila kitu. Na msikane kikavu. "Aya ya 7 inakanwa na mwombaji aithibitishe" ni maneno matupu. Semeni kilichotokea: nilirejesha mara kumi na moja, tarehe hizi, kwa ofisa huyu, kiasi hiki, na stakabadhi naziambatanisha kwa pamoja kama kiambatisho namba 1.

Zile stakabadhi kumi na moja zilinuka maziwa, kwa ajili ya lile kopo. Mbili maandishi yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba ilibidi tuziweke dirishani tuzisome kwa mwanga wa jua. Lakini namba zilionekana, na mhuri wa tawi ulionekana. Siku ya maombi, wakili wa upande wa pili aliomba muda awasiliane na mteja wake. Aliporudi akaieleza mahakama kwamba hawaitegemei tena aya ya 7. Zuio halikutolewa. Mashine inasaga mpaka leo. Kesi ya msingi bado inaendelea, kwa sababu kuna salio na kuna ubishi wa riba, na mama analijua hilo. Atalilipa lililo lake. Ila hatalipa mara mbili.

Nimewawekea kila mmoja kwenye kiti kiapo kimoja cha kweli, majina nimeyafuta kwa wino mweusi. Kina aya 14. Kalamu za risasi ziko kwenye sahani pale kwa dada aliyeshika maji. Chukueni, tuanze na aya ya kwanza. Nani atatusomea? Mzee wa kofia, karibu, simama tukusikie.